Chumba Kikavu cha Wilf Barcroft

Ukipanda ngazi nyumbani kwa Wilf Barcroft, mlango wa kushoto ulikuwa wa stempu na wa kulia ulikuwa wa watu. Wa kushoto ulifungukia chumba cha mbele, chenye dirisha la kusini na ukuta uliopitiwa na bomba la moshi la jiko, mahali ambapo hata Januari ungekaa na blauzi moja. Wa kulia ulifungukia chumba cha nyuma, kilichojengwa kikiegemea kilima, na kilima chetu hapa mjini Bacup, kaskazini mwa England, hutoa maji mwaka mzima. Huko ndiko Wilf na mkewe Hilda walikolala maisha yao yote ya ndoa. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba namsengenya marehemu. Nilimpenda Wilf. Lakini kuna siku nilitamani kumzaba kofi, na siku yenyewe alikuwa mgonjwa, nikajizuia.

Alikuwa mkataji katika kiwanda cha sapatu, zile za manyoya za kuvaa nyumbani ambazo bonde letu lilizitengeneza kwa ajili ya nchi nzima. Mtu mrefu, mpole, mwenye mikono safi kuliko ya daktari, maana kabla ya kugusa albamu aliiosha kwa sabuni ya vyombo na kuikausha juu ya jiko, kidole baada ya kidole. Hakunywa kupita glasi moja, hakucheza kamari ya farasi, hakumpandishia mkewe sauti. Wanawake wa mtaani walimwambia Hilda kwamba amepata bahati. Hilda naye alishona vishada kwenye sapatu hizohizo, meza ya karibu na dirisha, na ndiko walikojuana.

Stempu alizianza kijana, mwaka wa hamsini na tatu, zilipotolewa za kutawazwa kwa Malkia. Tangu hapo, kila posta ilipotoa stempu za ukumbusho, Wilf alikuwa mlangoni asubuhi ya kwanza. Hakutaka stempu iliyosafiri. Alitaka mpya kabisa, haijagongwa muhuri, haijalambwa, gundi ya nyuma ikimetameta kama siku iliyotoka mtamboni. Ikiguswa na kidole, imeharibika. Ikishikizwa kitabuni kwa kibandiko, imeharibika. Ikipata unyevu, gundi inanata kwenye ukurasa, na hiyo si stempu tena, ni uchafu. Mume wangu Clifford, aliyekuwa mkusanyaji vilevile lakini wa kiasi, alipenda kumtania.

"Wilf, stempu zako ni mwali. Hazitoki nje, hazionwi na mtu, jua halizigusi. Mahari atapokea nani?"

"Hilda," Wilf alijibu, wala hakucheka.

Huo ndio uliokuwa mpango wake, na hakuwahi kuwa na mwingine. Hawakujaliwa mtoto. Mshahara wa mkataji haukuwa wa kuweka benki ukaonekana. Lakini stempu ya ukumbusho hutolewa mara moja tu, watu huzitumia, zinaisha, na yule aliyezitunza safi anabaki na kitu ambacho wengine hawana. Wilf alikuwa na hakika kwamba atamtangulia Hilda, kwa kuwa wanaume wa ukoo wao hawafiki mbali, na Hilda atakapobaki peke yake, chumba cha kushoto kitamlisha. Kwa hiyo alinunua karatasi nzima-nzima, zile kubwa ambazo karani wa posta huchana vipande kuuzia watu. Hilda alivaa koti moja mpaka likabadilika rangi.

Nakumbuka Agosti ya sitini na sita, England ilipochukua Kombe la Dunia na posta ikatoa stempu ya ushindi. Foleni ilitoka mlango wa posta, ikapita duka la nyama, ikakata kona. Mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida yetu. Wilf na Clifford walisimama na bati la biskuti chini ya koti ili stempu zisilowe njiani, na mimi niliwapelekea chai kwenye chupa.

"Foleni ikiwa ndefu hivi," nikamwuliza Wilf, "nani atakuja kuzitafuta kesho? Si kila mtu anazo?"

"Shemeji, wewe hujui mambo ya stempu."

"Najua mambo ya foleni."

Clifford alicheka mpaka chai ikampalia. Wilf alitazama mbele tu, akisogea hatua kwa hatua na bati lake kifuani.

Basi, chumba. Walipohamia nyumba ile, Hilda alitandika kitanda chumba cha mbele kama mtu mwenye akili zake. Baridi ya kwanza haijaisha, Wilf aligundua madoa ya kutu kwenye stempu alizoziweka chumba cha nyuma. Alikaa kitako kwenye ngazi akashika tama, na Hilda, aliyekuwa bibi arusi wa majuzi, akamwonea huruma. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema wabadilishane. Alidhani ni kwa muda. Miaka michache baadaye, kifua kilipomkamata na daktari akaja mara mbili katika wiki moja, niliwasikia wakizungumza nikiwa jikoni kwao nachemsha supu.

"Wilf, hebu nihamie kwa karatasi zako. Hata mwezi mmoja tu nipate nafuu."

"Hilda wangu, ukilala mle utapumua, na pumzi ni unyevu."

"Kwa hiyo nisipumue."

"Upumue, mama. Lakini upande wa huku."

Nilidhani atamtupia kikombe. Mimi ningemtupia birika.

"Ni zako zile," Wilf akasema kwa sauti ya chini. "Siku nikiondoka hutampigia mtu magoti. Nakuomba uvumilie."

Hilda akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipopona aliniambia, "Ivy, mimi si mgonjwa. Mimi ni askari, nalinda mali yangu." Tangu siku hiyo hakuomba tena chumba. Ukutani kwao kulikuwa na ukungu mweusi alioufuta kila Jumamosi kwa siki, na kila Jumamosi iliyofuata ulikuwa umerudi. Kikohozi chake tulikizoea. Kanisani ulijua Hilda amefika kabla hujamwona.

Mwaka wa sabini na moja serikali ikabadilisha pesa, shilingi zetu na peni za zamani zikazikwa. Mwaka uliofuata stempu za pesa ya zamani zikapigwa marufuku, hata ubandike kumi kwenye bahasha moja posta haikutaki. Mimi nilimwambia Hilda, sasa mmekwisha. Lakini Wilf alikuja kwetu uso umemchangamka nisivyowahi kumwona.

"Shemeji, sasa ndiyo zimekufa," alisema, "na kilichokufa hakizai. Waliokuwa nazo wamezimaliza kwa barua. Zimebaki zetu."

Klabu nzima iliamini hivyo. Kila Alhamisi jioni, katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, wale wanaume walikaa na vibano vyao na miwani ya kukuzia, wakala mikate yangu ya nyama baridi, wakapongezana. Tatizo lilikuwa moja. Kila mji nchini ulikuwa na klabu, na kila klabu ilikuwa na Wilf wake, na kila Wilf alikuwa na chumba. Stempu hazikuwa zimeisha. Zilikuwa zimelala, safi, zikisubiri mnunuzi ambaye naye alikuwa nazo.

Klabu yetu ilikuwa na desturi moja niliyoiheshimu kuliko mahubiri. Mwanachama akifa, Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi kulikuwa na mnada wake. Albamu zake zilipangwa mezani, kila mtu akaandika bei yake kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia katika bati la biskuti. Mjane hahudhurii. Haambiwi nani kanunua nini. Jioni ileile mwenyekiti anakwenda nyumbani kwake na bahasha, anavua kofia mlangoni, anasema neno jema juu ya jicho la marehemu la kuchagua stempu, basi. Watu wa bonde letu hawapokei sadaka. Ukimpa mjane pesa mkononi umemtukana, na yeye hatakusalimia tena mpaka kaburini. Lakini bahasha ya mnada ni haki yake, ni jasho la mumewe.

Clifford alipofariki, mwenyekiti wetu Leonard Pogson alisimama mlangoni pangu na kofia mkononi, mvua ikimchuruzika shingoni.

"Clifford alikuwa na jicho, Bi Ashworth," aliniambia. "Watu walizigombania."

Nilisimama wima. Miaka yote nilikuwa nimeziita takataka, na sasa nikajiona mjinga wa kupendeza, mke wa mtu aliyejua asichokijua mkewe. Nilinunua jiko jipya la gesi kwa pesa zile. Kila nilipoliwasha nilimwambia Clifford, pole baba, nilikudharau.

Baada ya Clifford wakaondoka wengine, mmojammoja, kila baridi na wake. Vijana hawakuja. Mikate niliyokata ilipungua mpaka nikawa naibeba katika mfuko wa mkono. Kanisa lenyewe likauzwa likageuzwa nyumba za kupangisha, na klabu ikahamia sebuleni kwa Wilf. Kiwanda cha sapatu kilifungwa, wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo. Hilda alitegemea fedha ile itamleta fundi arekebishe ukuta wa chumba cha nyuma, lakini Wilf alisema imeishia kwenye madeni ya paa. Halafu Pogson akafa, mseja, hana wa kupelekewa bahasha. Klabu ikabaki mtu mmoja.

Vuli iliyofuata Wilf akaanza kukonda. Tumbo, na madaktari walilisemea pembeni kwa sauti ndogo. Siku moja ya soko, Hilda akiwa ametoka, alinipigia simu niende. Nilimkuta ameshikilia mbao za ngazi, amevaa shati safi kama mtu anayekwenda kazini. Akanipandisha juu, tukipumzika kila baada ya vidato vichache, akafungua mlango wa kushoto.

Miaka mingi nilikuwa sijaingia. Joto lilinipokea kama mkate uliotoka sasa hivi kwenye jiko. Kuta zote zilikuwa kabati, na kabati zote zilikuwa albamu. Akavuta moja, akaifungua mbele yangu. Mwandiko ulikuwa wa Clifford. "Daraja la Forth, 1964," kwa wino wa kijani, na ile herufi ya d iliyopinda mkia ambayo niliolewa nayo.

"Kumbe ulinunua wewe," nikasema. Nilifurahi, hata machozi yalinilenga.

"Hakuna aliyenunua, shemeji."

"Pogson alisema watu walizigombania."

"Pogson alisema hivyo kwa kila mjane." Alikaa kwenye kiti, akalishika tumbo. "Tungenunua za nini? Sote tulikuwa na zilezile. Kwenye vile vikaratasi hatukuandika kitu, tulikunja noti ndani. Tulikuwa tunachanga. Halafu albamu zikaletwa hapa, kwa sababu hapa ndipo pakavu."

Nilitazama kabati zile. Zilikuwa za akina fulani na fulani, wote niliowakatia mikate. Jiko langu la gesi likanijia machoni. Miaka yote nimeringia rambirambi.

"Na za kwako?" nikauliza.

"Nilimwita mfanyabiashara wa Manchester, Hilda alipokuwa kwa dada yake. Hakuvua hata koti. Alisema zingekuwa za pesa mpya angezinunua kwa nusu bei, watu wabandike kwenye barua. Hizi, alisema, hata barua haziwezi." Alitabasamu kidogo. "Alikuwa na heshima. Alikunywa chai."

Nje mtu alikuwa akimwita paka.

"Nikifa, Alhamisi yake hakuna atakayechanga," Wilf akaendelea. "Hakuna Pogson. Hilda atakaa pale chini anasubiri kofia ivuliwe mlangoni. Isipovuliwa, atajua. Na akijua hili, shemeji, atajua kwamba na kile chumba cha nyuma alikilala bure."

Akaingiza mkono nyuma ya albamu, akatoa bahasha nene, imefungwa, imeandikwa jina la Hilda kwa mashine ya zamani ya taipu ya Pogson.

"Utampelekea wewe. Utasema klabu za miji jirani, Rochdale na Burnley, zilikuja."

Niliipima mkononi. Haikuwa bahasha ya kununulia jiko. Nikamwuliza pesa hizi zimetoka wapi, na kabla hajajibu nilikwishajua, maana nilikumbuka kiwanda, na paa ambalo sikuwahi kuona fundi juu yake.

"Kiinua mgongo," nikasema.

Akainamisha kichwa.

"Wilf Barcroft. Fedha hii ingekausha ukuta wake. Ungelipa fundi mwaka ule ule, mwanamke angelala pakavu. Umemwacha akohoe ili umwekee bahasha ya uongo?"

"Nisingekuwa na cha kumpa," alisema. "Angekuwa na ukuta mkavu na mume aliyempotezea maisha. Hivi atakuwa na mume aliyemwekea kitu."

"Atakuwa na mapafu mabovu."

"Yalikuwa yamekwishaharibika, shemeji." Alilia hapo, bila sauti, mtu mzima wa umri wake. "Yalikuwa yamekwishaharibika. Ningefanya nini?"

Hapo ndipo nilipotaka kumzaba kofi. Nilitia bahasha katika mkoba, nikamshusha ngazi, nikamfunika blanketi. Hilda aliporudi na karoti zake alitukuta tunakunywa chai, akasema tumenuna kama watu waliogombana.

Wilf alikufa kabla ya Krismasi. Tulimzika kwenye mvua, tukala nyama baridi na kachumbari, Hilda akawashukuru watu wote kwa majina. Alhamisi iliyofuata, saa moja jioni, nilivaa kofia. Mwanamke havui kofia mlangoni, lakini sikujua namna nyingine. Hilda alifungua kabla sijagonga. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na amewasha taa ya sebule, ile ya wageni.

"Nilidhani hakuna tena wa kuja," alisema.

"Walikuja kwangu wa Rochdale," nikasema. "Na wa Burnley, wakaziona albamu alizoniachia Wilf za kuwaonyesha. Wilf alikuwa na jicho, Hilda. Walizigombania."

Nikampa. Aliifungua kwa kisu cha siagi, taratibu, kama Wilf alivyofungua kila kitu. Hakuhesabu. Alitazama tu unene wake, akaketi. Uso wake ulibadilika, akawa kama yule msichana wa meza ya dirishani. Nilijiambia, sawa, uongo umefanya kazi yake, Mungu atanisamehe. Nikamwambia sasa tumwite fundi ukuta wa nyuma, na hizo albamu nitatafuta gari lizichukue, wenyewe wanazisubiri.

"Subiri," Hilda akasema. "Kwanza waliandika bei hii wakiziona mara moja tu?"

"Mara moja."

"Jioni moja, mezani, wanaume wa Rochdale ambao ni wabahili kuliko sisi?" Akainuka. Macho yalimwaka. "Basi Wilf hakukosea hata kidogo. Ivy, siuzi."

"Hilda."

"Siuzi. Zikiwa na thamani hii leo, mwakani je? Alizitunza maisha yake yote, mimi nizitoe wiki ya kwanza? Warudishie wenyewe. Waambie mjane anashukuru sana, lakini mali haijafika wakati wake." Akairudisha bahasha katika mkoba wangu mwenyewe, akaifunga zipu, akanipigapiga mkono. "Nitazilinda. Nimezoea."

Nilitoka pale na kiinua mgongo cha Wilf kwapani, sina klabu ya kuirudishia. Yule mwanamume aliweka nyingi mno. Wenzake walijua kuchanga cha jiko la gesi na mifuko miwili ya makaa. Yeye alitaka Hilda asadiki, na Hilda alisadiki.

Nilijaribu ukuta. Nilimwambia Hilda halmashauri inatengenezea wazee nyumba bure, nikamleta fundi mwashi kutoka Todmorden nikiwa nimemlipa mwenyewe kutoka katika bahasha ileile. Hilda alimpokea vizuri, akampa keki ya zabibu, akamwuliza kazi yake inakwendaje. Fundi akasema atabandua lipu ya zamani, atapiga mpya, itachukua wiki kadhaa kukauka.

"Lipu mbichi?" Hilda akauliza. "Maji yatakwenda wapi?"

"Yatatoka tu hewani, mama."

"Hewani, halafu yavuke ngazi, yaingie chumba cha pili." Akamfungia keki nyingine kwenye karatasi, akamfungulia mlango. "Hapana, baba. Nyumba hii haiwezi."

Januari ikaja na barafu yake. Alikuwa amenunua hita mpya ya umeme kwa pensheni yake, nikafurahi, mpaka nilipoona ameiweka upande wa kushoto. Kikohozi kilishuka chini zaidi, mahali ambapo hakitoki na kitu. Nesi wa mtaa alikuja, akanusa hewa ya chumba cha nyuma, akanivuta pembeni na kuniuliza kwa nini bibi huyu halali chumba kile kingine kizuri. Nikasema mwulize mwenyewe. Alimwuliza. Hilda alimjibu kwamba kile kina mtu.

Jumapili moja niliamua liwe liwalo. Nitamwambia yote, Pogson, vikaratasi vitupu, mfanyabiashara asiyevua koti. Nitatoa bahasha niiweke mbele yake. Atanichukia, atamchukia na Wilf, lakini atalala pakavu kwa siku zilizobaki. Nilipanda ngazi nikiyarudia maneno. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi kidogo, joto likitoka. Yeye alikuwa kitandani upande wa pili, amevaa koti juu ya gauni la kulalia na sapatu za manyoya za kiwanda chetu, ukuta ukitiririka nyuma ya kichwa chake. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikashika mkono wake. Ulikuwa wa baridi na mwepesi.

"Hilda, nina neno la kukuambia."

"Nianze mimi, pumzi yangu fupi." Akangoja kikohozi kipite. "Unajua, zamani nilikuwa nikilala hapa nikimlaani. Kimoyomoyo, kila baridi. Nilisema huyu mtu ananiua kwa ajili ya karatasi. Miaka, Ivy. Nilikuwa namtabasamia asubuhi, usiku namlaani." Akafuta mdomo. "Halafu ukaja na ile bahasha. Nikajua kumbe sikukohoa bure. Hujui ulichonipa. Sasa nikikohoa, hata sioni uchungu."

Bahasha ilikuwa mapajani mwangu, ndani ya mkoba. Nilihisi unene wake kupitia ngozi.

"Haya, sema lako," Hilda akasema.

Nilimtazama. Nikasema nimesahau.

"Uzee huo," akasema, akafumba macho. "Basi ukitoka nifungie ule mlango wa kushoto. Unyevu utaingia."

Nikatoka, nikaufunga.